Sapu ya Fizikia Kibarazani kwa Fundi Baiskeli

Mimi nina hasira za karibu, na sitaki kuanza habari hii kwa kujipamba. Nilipoona matokeo ya mwaka wa kwanza kwenye simu, nimekaa ukingoni mwa kitanda cha bweni, sikulia. Nilivua kiatu nikakirusha ukutani. Kisha nikakifuata, nikakivaa, nikatoka nje kwenye mwanga nikasoma tena, nikidhani labda kioo cha simu kilichopasuka kimenidanganya. Hakikunidanganya. Masomo mengine yote nilikuwa nimepita kwa tabu, lakini fizikia ya awali, ile ya mekanika na joto, ilikuwa na sapu.

Kwa asiyejua lugha ya chuo, sapu ni mtihani wa marudio. Umefeli somo, unapewa nafasi moja ya kulirudia kabla mwaka mpya haujaanza. Ukifaulu, maisha yanaendelea na hakuna anayekuuliza. Ukifeli tena, wapo wanaobeba somo hilo mwaka unaofuata, na wapo wanaodisco, yaani wanaondolewa chuoni moja kwa moja. Wastani wangu ulikuwa mdogo kiasi kwamba nikifeli sapu sikuwa na cha kubeba zaidi ya begi langu la nguo kurudi nalo Kibondo.

Na tuseme ukweli, nilijitakia. Jaribio la kwanza la mekanika nilipata alama za aibu, nikanuna, nikaamua mhadhiri hatupendi. Tulipoingia kwenye mambo ya joto, ya gesi na pistoni, nilikuwa nakaa nyuma kabisa siku nilizoamua kwenda, na siku nyingine siendi. Nilitegemea madesa, yale makaratasi ya kunakiliwa ambayo kila mwanafunzi anayo na hakuna anayejua nani aliyaandika. Unayakariri usiku mmoja, unaingia kwenye mtihani, unachemka, karatasi inakushinda.

Kilichoniuma zaidi alikuwa mama. Sisi Waha salamu zetu si neno moja. Ukikutana na mtu njiani unamwuliza ameamkaje, watoto wameamkaje, maharage yamekubali, muhogo umekauka, yule mgonjwa amepata nafuu, na mikono imeshikana muda wote huo. Tangu niende chuo kusomea ualimu wa fizikia, mama alikuwa amenichomeka humo ndani ya salamu. Baada ya watoto na kabla ya maharage ninakuja mimi: na yule wa chuo anaendelea vizuri, mwakani atakuwa mwaka wa pili. Alikuwa akiwaambia hata watu ambao hawakuuliza. Nilifikiria nikirudi nimefukuzwa, kila salamu ya Kibondo nzima ingekuwa swali, na mama angesimama njiani amemshika mtu mkono bila kujua aseme nini.

Kwa hiyo sikumwambia. Nilimpigia simu shangazi, dada wa marehemu baba, anayekaa Kasulu. Yeye alikuwa ameteguka kifundo cha mguu, na uongo wangu ukapata mahali pa kukanyaga. Nikamwambia mama kwamba likizo nitakaa Kasulu wiki sita nimsaidie shangazi mpaka mguu upone. Mama akasema sawa. Shangazi peke yake ndiye niliyemweleza ukweli, naye akasema jambo la maana ni kwamba nijue kuchota maji na kusonga ugali, fizikia ni shauri langu.

Nilifika na rundo la maswali tisini na moja. Hayakuwa na majibu. Ndiyo maswali ambayo mhadhiri alikuwa ametupa mwanzoni mwa mwaka, akisema mtu atakayeyafanya yote hawezi kufeli, na mimi nilikuwa nimeyafanya mawili.

Wiki ya kwanza nilikaa mezani kwa shangazi kila asubuhi baada ya kazi za nyumbani. Swali la tatu lilikuwa na tofali linaloteleza kwenye ubao ulioinama. Kanuni zote nilikuwa nazo, nimeziandika kwa wino mwekundu, na sikujua ipi ya kushika. Nikichagua hii, jibu linatoka kubwa kuliko uzito wa tofali lenyewe. Nikichagua ile, tofali linapanda mlima lenyewe. Siku ya nne nilichana karatasi vipandevipande na kuvitupa uani, na shangazi, akiwa amenyoosha mguu wake kwenye kigoda, akaniambia niviokote vyote kisha niende ng'ambo ya barabara kwa fundi baiskeli.

Nilidhani ananitania. Fundi mwenyewe nilimjua kwa sura tu: mzee wa Kikongo aliyekuja zamani kutoka upande wa Kivu, akaoa mwanamke wa hapo Kasulu, akawa anatengeneza baiskeli kwenye kibaraza cha nyumba yake. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa grisi mpaka kwenye viwiko. Shangazi alisema mke wa fundi alimwambia, wakiwa wanamenya muhogo, kwamba huko kwao mume wake alikuwa anafundisha watoto wa sekondari mambo hayohayo ya kurusha mawe na kuchemsha maji. Nikaenda, lakini nilienda kwa sababu shangazi alikuwa ananiangalia.

Nikamwamkia, nikampa karatasi. Aliifuta mikono yake kwa kitambaa muda mrefu, akaishika pembeni kwa vidole viwili, akaisoma kwa kuchezesha midomo. Halafu akanirudishia. Akasema Kiingereza chake ni kidogo, yeye alisoma kwa Kifaransa, kwa hiyo nimwambie swali kwa Kiswahili.

Ndipo nilipokwama, na hadi leo nikikumbuka najicheka. Sikuweza. Nilikuwa nimelisoma swali lile mara ishirini na sikuweza kumwambia mtu lilikuwa linasema nini. Nilianza, kuna tofali, liko kwenye ubao, halafu kuna nguvu. Akauliza nguvu gani. Nikasema ya kuvuta. Akauliza nani anavuta. Nikaangalia karatasi, na karatasi haikusema mtu yeyote anavuta. Tofali lilikuwa linateleza kwa uzito wake lenyewe, na mimi muda wote huo nilikuwa nimemwingiza mtu wa kulivuta ambaye hayupo. Nililitatua swali lile nimesimama hapohapo, karatasi juu ya tandiko la baiskeli ya mteja.

Basi nikawa naenda kila siku. Hakuwahi kuniambia jibu. Alikuwa anaendelea na kazi yake, anakaza spoku, anaziba pancha kwa solusheni, na mimi namsimulia swali. Nikisimulia vibaya anatikisa kichwa bila kuinua macho. Pale kibarazani kwake barabara inapanda kutoka bondeni, na asubuhi wanapita wanaume wanaotoka Kagerankanda wakisukuma baiskeli zenye magunia ya muhogo, fimbo imefungwa kwenye usukani kusaidia kuongoza. Hawapandi wima. Wanakata barabara kushoto, wanakata kulia, kama wanashona. Siku moja fundi alimsimamisha mmoja na kumwomba anipe baiskeli yake hatua chache. Nilisukuma wima nikashindwa hata kufika kwenye jiwe alilonionyesha. Kisha nikasukuma kwa kukata pembeni, ikapanda. Mwenye baiskeli alicheka mpaka akakaa chini, akauliza chuo gani hicho kinachofundisha watu kusukuma muhogo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimejua ghafla kwa nini pembe ikipungua nguvu inapungua na njia inarefuka, na kwamba kazi yenyewe, ukiacha msuguano, ni ileile. Jioni ile nilifanya maswali saba bila kukosa hata moja.

Sijui nisemeje raha ile. Mtu aliyekuwa na jino bovu siku nyingi, likatulia, ataelewa.

Mekanika tuliimaliza katika wiki ya tatu. Tukaingia kwenye joto, yale maswali thelathini na nane ya mwisho, ambayo nilikuwa nayaogopa zaidi kwa sababu vipindi vyake sikuhudhuria. Madesa yangu ya joto niliyaacha bwenini kwa hasira, na wala sikujuta. Fundi alinipa pampu ya baiskeli. Akaniambia nizibe tundu lake kwa kidole gumba, nipampu haraka, halafu nishike chini ya bomba. Lilikuwa la moto. Akauliza swali ambalo nitalisikia mpaka nizeeke: "Nani anapana, nani anapokea?"

Kupana kwa Kiswahili chao cha Kongo ni kutoa. Nikafikiri. Nikasema mkono wangu ndio unaotoa kazi, hewa iliyomo ndani ndiyo inayopokea. Akasema basi nisimame ndani ya pampu, pamoja na ile hewa, nitazame mlangoni. Kila kinachoingia, kiwe joto, kiwe kazi, ni chanya. Kila kinachotoka ni hasi. Jumlisha tu, utapata mabadiliko ya nishati ya humo ndani. Hewa imepokea kazi, haikupata nafasi ya kutoa joto, ndiyo maana imepanda moto. Yaani jambo lililokuwa limenishinda mwaka mzima lilikuwa hilo tu.

Alikuwa na sharti moja. Juu ya kila ukurasa, kabla ya hesabu yoyote, niandike mstari mmoja: ninasimama ndani ya gesi, kinachoingia ni chanya. Alisema walimu wake waliwalazimisha hivyo, na yeye aliwalazimisha wanafunzi wake. Nikimpelekea daftari lisilo na mstari huo hakunigombeza. Alinirudishia tu kimyakimya, akainama kwenye spoku zake. Kuna siku nilikuwa nimefanya maswali matano magumu, nina furaha yangu, akanirudishia daftari bila kusoma hata neno. Niliondoka nimefura, nikavuka barabara bila kuangalia, pikipiki ikanikwepa na dereva akanitukania ukoo mzima. Nikakaa mezani kwa shangazi nikauandika mstari wake kwa herufi kubwa za dharau, nikarudi. Akasoma, akasema yote matano ni sawa.

Nilikwenda kufanya sapu nikiwa mtulivu kuliko nilivyowahi kuwa. Karatasi ilikuwa na sehemu mbili, mekanika na joto, kila moja nusu ya alama. Niliyasoma maswali nikawa najisimulia moyoni kwa Kiswahili, nani anasukuma, nani anapana, halafu naandika kwa Kiingereza chao. Nilimaliza kabla ya muda. Nilitoka nje natabasamu peke yangu kama mwehu.

Nje ya ukumbi walikuwa wamesimama wenzangu kama kumi, wote wenye sapu, wanalinganisha majibu. Nilijua haifai kulinganisha. Nikasogea hivyohivyo. Mmoja alikuwa anasema swali la silinda, kazi ni jouli mia sita, chanya. Mwingine akakubali. Mimi nilikuwa na mia sita hasi. Nikasema labda wamekosea. Wakanitazama. Wakaja kwenye swali la pili, kazi chanya, yangu hasi. La tatu walipata hasi, mimi chanya. Msichana mmoja akafungua madesa yake akanionyesha kanuni ya mhadhiri, kubwa, imezungushiwa duara: joto lililoingia, toa kazi iliyotolewa na gesi. Pale chuoni kazi ilikuwa chanya gesi inapoitoa. Fundi wangu alikuwa amenifundisha kazi ni chanya gesi inapoipokea. Sehemu nzima ya joto, kila jibu la kazi nililoandika lilikuwa limegeuka.

Nilikaa kwenye ngazi za ukumbi mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa.

Safari ya kurudi sikumbuki nilikula nini wala nilikaa na nani. Nakumbuka hasira tu, na jinsi ilivyokuwa inakua kila kituo. Basi liliponishusha Kasulu sikwenda kwa shangazi kwanza. Nilikwenda kibarazani na begi begani. Kulikuwa na wateja wawili wanasubiri. Fundi alipoinua uso alikuwa anataka kutabasamu, na mimi nikamwambia mbele ya watu, "Umenifundisha kinyume. Kwenu mnahesabu kinyume, na sasa mimi ndiye ninayefukuzwa."

Aliniomba nimweleze. Nilimweleza kwa sauti ambayo haifai mtoto kumtolea mzee. Nilimwona akifuata maneno yangu kwa macho, akihesabu kichwani, na nikaona alivyofika mwisho. Hakujua. Miaka yote aliyokaa hapa alikuwa anaziba pancha, nani angemwambia kwamba huku alama zinawekwa upande mwingine? Alikuwa na pampu mkononi na hakuiweka chini. Akauliza kitu kimoja: "Ule mustari, uliandika?"

Nikasema sikumbuki. Na kweli sikukumbuka. Nilijaribu kuona kurasa zangu za mtihani kichwani na sikuona kitu. Akaanza kusema kwamba kama niliuandika haiko kosa, anayesahihisha ataona nimesimama wapi, lakini kama sikuuandika, na hapo akaacha kusema. Nikamwambia mstari wake haukunisaidia kitu. Kesho yake asubuhi nilipanda gari la Kibondo bila kumuaga.

Nyumbani nilijifanya mchapakazi. Nilianika muhogo, nilideki, nilipiga plasta ukuta wa jiko ambao mama alikuwa haujali. Matokeo yalikuwa bado wiki tatu. Mama aliniangalia tu. Siku ya tano tulikuwa tumekaa tunachambua maharage, tunatoa mawe, nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia yote: sapu, uongo wa mguu wa shangazi, fundi, alama zilizogeuka. Sikuinua macho kwenye ungo. Nilipomaliza nikasikia mama anashusha pumzi iliyotoka mbali sana.

"Mimi nilidhani una mimba," akasema.

Ilikuwa hivi: shangazi mwenyewe alikuwa amemtumia salamu na picha kutoka harusini akiwa anacheza, mguu mzima kabisa, katika wiki ile ya pili ambayo mimi nilisema hawezi hata kufika chooni. Mama akapiga hesabu zake. Binti wa chuo, likizo, hataki kuja nyumbani, amejificha kwa shangazi wiki sita. Jibu alilopata lilikuwa moja, na alikuwa amelibeba peke yake mwezi mzima na zaidi, na siku hizi tano akitazama tumbo langu kila nikiinuka kuchota maji. Sasa aliposikia ni fizikia tu alicheka hadi ungo ukayumba. Akasema nikifukuzwa jembe lipo, na watu wa njiani atajua la kuwaambia. Kisha akakasirika, maana hasira zangu nimezirithi, akanisema kwa uongo ule mpaka maharage yakaiva. Nilisemwa nikiwa nimefurahi. Hofu nusu nzima ilikuwa imeniondoka.

Nusu nyingine iliondoka wiki mbili baadaye, nikiwa nimesimama kwenye kichuguu nyuma ya nyumba ambako mtandao unashika. Ukurasa ulifunguka polepole. Jina la somo, kisha herufi. Nilikuwa nimefaulu. Ilikuwa C, lakini C ile sitaibadilisha na A ya mtu. Nilishuka pale nimesahau ndala moja juu. Mama alinishika mikono yote miwili, kisha akaenda barabarani, na nilimsikia anamsalimia jirani: baada ya watoto na kabla ya maharage nilikuwa nimerudishwa mahali pangu.

Nitaje hapa jambo nililolijua baadaye. Chuo kilipofunguliwa nilikwenda kwa mhadhiri nikamwuliza kuhusu alama zangu za joto. Aliitafuta karatasi yangu kwa kunihurumia tu. Mstari ulikuwepo juu ya kila ukurasa wa joto, kwa Kiingereza changu kibovu, na sikukumbuka kuuandika hata mmoja. Mkono ulikuwa umezoea. Mhadhiri alisema kwa mstari ule hesabu zilikuwa sahihi, C yangu ilitokana na maswali ya mekanika niliyoyafanya kwa haraka. Akaniuliza kama sekondari nilisoma Burundi, kwa Kifaransa.

Lakini siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa kabla ya hiyo, siku niliyopita Kasulu kwenda chuoni. Nililala kwa shangazi, basi lilikuwa la kesho yake alfajiri. Mchana nilivuka barabara. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi tangu Kibondo, na yote yalinipotea nilipomwona. Nilipiga goti nikamwamkia. Nikasema nimefaulu, nikasema nilimkosea adabu mbele za watu, anisamehe. Aliifuta mikono yake kwa kile kitambaa chake muda mrefu kuliko siku zote. Akasema haina neno, mutoto akiogopa anapiga kelele. Akauliza joto nilipata ngapi, nikasema sijui, lakini nisingeweza kufaulu kwa mekanika peke yake. Akatikisa kichwa kukubali, akachukua gurudumu.

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Akamwambia mume wake anipe daftari. Fundi akasema daftari gani, hakuna haja. Mke akasema kama hutoi nalitoa mimi, akaingia ndani akatoka nalo.

Lilikuwa daftari la kurasa nyingi, jalada lina alama za vidole vya grisi. Ndani yake kulikuwa na maswali yangu ya joto, yale thelathini na nane niliyoyaacha kwa shangazi nilipoondoka, yote yamefanywa upya kwa mwandiko wa kulala wa fundi. Juu ya ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika: ninasimama nje ya gesi, kazi inayotoka ni chanya. Mke wake akanieleza kwamba mume wake, siku ileile niliyompigia kelele, alikwenda kwa mwalimu mmoja wa sekondari anayemtengenezea baiskeli, akaazima kitabu, na tangu hapo kila mchana kazi ikipungua alikuwa anakaa nacho, anamwomba mwalimu amtafsirie Kiingereza akipita. Mahali pengi alikuwa ameandika alama ya zamani kwa mazoea, kisha ameikata kwa mstari mmoja na kuandika nyingine pembeni.

Nilimwuliza ya nini yote hayo, mtihani ulikuwa umeshapita. Nilijua jibu kabla hajasema.

"Kama wangekufukuza," akasema, "ungeanza tena mahali pengine. Tungeanza na njia ya kwenu."

Nililia, tena kwa sauti, pale kibarazani, na mteja mmoja akaondoka na baiskeli yake bila kukaza breki. Fundi aliona aibu, akaniambia nisilowanishe daftari. Kisha akasema, kwa vile nimefaulu na ninaijua njia ya huku, basi nimsahihishie, maana mwalimu wa sekondari hana muda na yeye hajui kama yako sawa.

Nikakaa kwenye benchi lake, nikaazima kalamu. Nilikwenda polepole, swali kwa swali, na yalikuwa sawa, yote, hadi ukurasa wa sita. Pale juu hapakuwa na mstari. Alikuwa amesahau, ameingia moja kwa moja kwenye hesabu. Nikafunga daftari, nikamrudishia kimyakimya, nikageuka nikatazama barabara.

Alilifungua, akatafuta, akaona. Alicheka bila kutoa sauti, mabega tu. Akaifuta mikono, akaniomba kalamu, akaandika mstari wake, akanirudishia, nami nikaendelea kusahihisha.